Mto wa Maabara

Mashavu alidondosha harage ndani ya mto wa mfano ambao Mhandisi Kirobo aliujenga maabarani kwa mchanga na saruji, kila kona sawa na ya mto uliommeza mwana wa Mashavu. Harage likazunguka, likanasa kwenye kona ya mwisho.

"Basi mwanangu yuko hapo."

"Hapo mtoni tumeshazamia, mama, hatukumkuta. Huu ni mfano tu. Maji haya hayamjui mwanao."

"Na yale yalimjua?"

Kirobo akanyoosha mkono afunge bomba.

"Liache, baba. Mto umeninyima wangu. Nipe harage hili nikalizike."

Akaliopoa, akalifunga kwenye pindo la kanga, akatoka. Pale konani maji yakaendelea kuzunguka, hayana kitu.