Siku za Kumlilia Rukia

Mashine ya ruhusa za msiba ilimpa Mwanamkuu siku sifuri za kukosa kazini. Rukia, mtoto wa jirani waliyenyonya naye ziwa moja na kulala kitanda kimoja hadi walipovunja ungo, alikuwa amezikwa jana. Lakini sheria ilihesabu siku za kulia kwa damu tu: mzazi saba, binamu moja.

"Huzuni yako ni kosa la maumbile, dada," karani alimweleza kwa upole. "Tangu enzi za mapangoni, ubongo humdhania ndugu yule uliyekua naye. Wewe umedanganyika."

"Nimedanganyika?" Mwanamkuu alipiga meza. "Na hayo mapenzi yako kwa mwanao, si yametoka huko huko kwenye maumbile? Mbona hayo hamyaiti kosa? Nani kawaambia kwamba mkijua pendo lilikotoka, mmeshajua na thamani yake?"

Karani alimwita mtu aliyefuata kwenye foleni.

Mwanamkuu alirudi nyumbani na hasira zake, akamsimulia mumewe yote. Mbarak akaacha kumenya muhogo. Hawakujaliwa mtoto, na damu zao hazikukutana popote.

"Mke wangu," aliuliza taratibu, "mimi nikifa, eda utaikalia kazini?"