Okoko wa Mgeni

Mgeni alitokeza vichakani Onyango akiukung'uta mgono wake kwa hasira. Tangu mvua za El Nino zifunike daraja, ngege, samaki wa magamba, walikuwa wameuhama Mto Migori. Kila alipoutega mgono, kilichonaswa kilikuwa okoko tu: kambare mdogo wa miiba, mla uchafu wa chini ya mto, anayelia kwikwi akitolewa majini.

"Nyamaza, mimi sikukuita," Onyango alimkemea okoko, akainua mkono kumtupa.

"Ngoja, kijana!" Mgeni, mzee aliyelowa hadi kiunoni, alitua furushi lake la mitumba. "Nimekwama upande huu na njaa inaniuma. Unatupa chakula?"

Onyango akampikia. Yeye mwenyewe alikula ugali kwa chumvi, mate yakimjaa kinywani, maana alikulia mtoni na okoko ndiye aliyemlea.

"Mjaluo gani anakataa okoko?" mgeni alimtania, akifyonza kichwa. "Ama unaogopa miiba?"

"Nimekuwa Msabato, mzee. Namwoa Dorah, binti wa mzee wa kanisa kule mjini. Huyo mzee sijawahi kumwona, lakini shangazi ya Dorah ameniapisha: nikionja samaki asiye na magamba, harusi hakuna."

Mgeni akapaliwa. Onyango alimpiga mgongoni mpaka akapata pumzi.

"Kijana," alisema akisugua vidole kwa limau, "usimwambie mtu nimekula hapa. Niahidi."

"Nimeahidi."

Asubuhi maji yalipungua, mgeni akaenda zake. Onyango hajafagia bado, shangazi Mokeira akapiga hodi. Amekuja kukagua nyumba ya bwana harusi. Akaviona vichwa vya okoko kando ya jiko.

"Onyango! Na unaishi peke yako!"

"Ni mgeni aliyekula, shangazi."

"Mgeni gani? Twende, utamwambia baba mkwe wako."

Mjini, sebuleni kwao, Dorah alikuwa akilia.

"Mtaje tu," alimsihi. "Baba akirudi kutoka dukani atamtafuta huyo mtu, amuulize, yaishe."

Onyango alijishika kichwa. Ugali amekula kwa chumvi, okoko hakumgusa, na bado anaitwa mwongo! Sasa ampoteze Dorah kwa sababu ya mtu asiyemjua hata jina?

"Basi nitasema," alitamka. "Alikuwa mzee mmoja..."

Mlango ukafunguka. Mzee wa kanisa aliingia na Biblia kwapani, vidole vyake bado vikinukia limau. Alipomwona Onyango, akavificha vidole mfukoni.

"Haya, mbele ya baba mkwe!" Mokeira alifoka. "Mgeni gani?"

Onyango alimtazama mzee, kisha Dorah, akachukua kofia yake.

"Sitamtaja, shangazi. Nilimwahidi."