Fyuzi ya Banda la Uani

Mbwana alichomoa fyuzi ya nyumba nzima, akaiweka kiganjani mwa Chausiku, mjane wa kaka yake.

"Mpe mtu mwingine, shemeji." Mwaka jana ni yeye aliyewasha swichi kubwa, asijue kuwa mumewe ameshika nyaya bandani.

"Shika wewe. Nikiita, ndipo uje nayo."

Akaingia banda la uani kumalizia kazi ya marehemu. Chausiku alisimama mlangoni, akimtazama anavyozisokota nyaya kwa vidole vitupu. Hakuthubutu hata kupepesa macho.

"Tayari, shemeji. Lete."

Chausiku alinyoosha ngumi. Alitaka kuifungua, vidole vikagoma.

Mbwana akaketi kizingitini, akangoja.