Safari ya Kusuka Nywele

Mgeni aliposhuka kwenye gari la waya linalovuka bonde, Namsifu alidhani amepotea. Hakuna aliyepanda huku mlimani tangu masika.

"Shikamoo mama. Mimi ni mkaguzi wa njia."

"Marahaba. Karibu uji."

Mkaguzi alikunywa kidogo, kisha akaeleza. Safari za kazi, soko na kliniki huiongezea njia alama. Safari isiyo na faida huipunguzia, na alama zikiwa zimeisha siku ya kufunga hesabu, njia huzimwa.

"Yenu imebakiwa na alama moja, na hesabu inafungwa leo jioni. Ukishinda nyumbani leo tu, mmepata mwaka mwingine."

"Tumepata na nani? Nimebaki peke yangu."

Mkaguzi akacheka, kisha akaona aibu.

"Ng'ambo ya bonde yuko rafiki yangu Nakijwa," akasema Namsifu. "Kesho mwanawe anamhamishia mjini. Nilimwahidi kumsuka kabla hajaondoka."

"Sema unakwenda kliniki."

"Gari litaniamini?"

Mkaguzi akatikisa kichwa. "Likizimwa utarudije, mama?"

"Nitawahi kabla ya jioni."

Akachukua chanuo na mafuta, akapanda gari, mkaguzi nyuma yake. Gari likamuuliza madhumuni ya safari.

"Kusuka nywele," akajibu.

Mlango ukajifunga polepole, kama siku zote.

Ng'ambo, Nakijwa alikuwa ameshakaa mkekani, kichwa wazi.

"Nisuke mistari midogo midogo," akasema. "Wa mjini wasinicheke."

"Midogo itatufikisha usiku, wewe!"

"Kwani una haraka ya wapi?"

Namsifu alitazama jua, kisha akapasua mstari wa kwanza, mwembamba kabisa.

"Sina," akasema.