Namba ya Cherehani

Imegawanyika. Nilirudia mara mbili, na chini ya mstari hakikubaki kitu ila sifuri.

Kaka yangu alikuwa kitandani akinisubiri. Mikono ilikuwa inamtetemeka, ndiyo maana hesabu ya mwisho alinipa mimi, mguu na njia niliyeacha shule mara tatu.

Namba yenyewe ni 1022117, imechongwa kwenye cherehani ya marehemu shemeji, mke wa kaka. Siku ya mazishi kaka aliapa kuwa ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, haina mfano, kama mwenye cherehani. Tangu hapo alikuwa ameijaribu kwa namba tasa mia moja sitini na nane, kuanzia mbili, zote zikagoma. Ilibaki 1009 tu. Nayo ikigoma, ameshinda.

"Wewe, umesinzia? Imebaki ngapi?"

"Nne, kaka."

"Hebu lete daftari."

Nilikuwa nimesahau. Kaka ni seremala. Tangu lini akapima ubao mara moja?

Nikampa, kidole gumba changu kikiwa juu ya sifuri. Akakisogeza taratibu, kama anayepangusa unga wa mbao. Akalitazama jibu lililokuwa juu: 1013. Midomo ikamchezacheza kwa muda mrefu, akiigawa kimoyomoyo.

"Na hii nayo ni tasa," akasema. "Kumbe ni mbili tu, mdogo wangu. Mbili, na hakuna wa kuzigawa."

Kisha akaniomba nimsogezee cherehani karibu na kitanda.