Supu Nyeusi

Ambakisye alishamaliza kumposa Halina kwa mama yake, maneno yakimtoka kwa kugongana. Mama akaingia jikoni, akarudi na bakuli la supu, akalitua mbele yake bila kumtazama.

Mchana ule mgahawa wao wa Kipolandi ulikuwa umejaa wateja. Supu ilikuwa nyeusi ti, ina utamu na uchachu kwa mbali. Ambakisye akajisemea moyoni kwamba mkwe akishakulisha, kazi imekwisha. Akanywa yote, akakomba bakuli kwa mkate, kisha akasema kwa sauti, "Mama, tamu kweli! Naomba niongezewe."

Meza zote zikageuka kumtazama. Mama Halina akajishika kifua.

Mzee wa meza ya jirani, mteja wa miaka mingi, akamwinamia. "Kijana, hiyo ni supu ya damu ya bata. Kwao mposaji akiletewa hiyo, amekataliwa. Neno "hapana" lenyewe hawalitamki."

Ambakisye akamgeukia mama. "Mama, kumbe hunitaki?"

"Mimi?" Macho ya mama yalijaa machozi. "Mimi nimetumwa tu, baba. Nilitaka bata yule aokwe, tukukaribishe."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Halina akatoka na sufuria, manyoya ya bata yamemganda kwenye aproni. Akachota upawa mzima, akausimamisha juu ya bakuli tupu, akamtazama Ambakisye machoni, akangoja kusikia kama bado anataka kuongezewa.