Mwiko wa Hamdani

Binti wa ofisi ya takwimu, aliyekuja kuuliza watu habari za ajira, alikuta wapangaji wamejaa uani, na hakuna aliyeondoka. Nani aondoke wakati jirani anahojiwa?

"Wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata ya saa moja?"

"Hapana," akajibu Hamdani, fundi wa kujenga nyumba.

"Na mwezi huu, umetafuta kazi?"

Mkewe, Salwa, akadakia. "Hilo nalo la kuuliza, mwanangu? Kila asubuhi anatoka na mfuko wake wa mwiko, na viazi namfungia mimi."

"Ajibu mwenyewe, mama. Asiyefanya kazi wala kutafuta, hatumhesabu hata kwenye wasio na ajira. Wakubwa wakipanga mambo ya kazi, huyo hawamuoni."

"Shemeji, jibu uonekane!" jirani yao, Mama Chausiku, akapiga kelele, na ua mzima ukacheka.

Hamdani akatazama vidole vyake.

"Sijatafuta," akasema. "Tangu mvua za mwaka jana. Nilichoka kuambiwa njoo kesho. Huwa nakaa tu nyuma ya stendi mpaka jioni."

Kicheko kikakatika. Binti akaandika, akaaga kwa sauti ya chini, akaenda mlango wa pili.

Salwa akauendea mfuko uliotundikwa mlangoni, akautoa mwiko. Kutu ilikuwa imeula mpaka kwenye mpini. Akaugeuza huku na huku, kama kitu alichookota njiani. Kisha akachuchumaa mbele ya jiko lake la mkaa, akaanza kuchota majivu kwa mwiko huo.